Ukurasa na Fundi Wake

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii anaijua kila mtoto aliyepita shule ya msingi, lakini ni wachache waliowahi kuitazama kwa jicho la mpiga chapa. Ina herufi 22. Kati ya hizo, 9 ni a. Hakuna e hata moja. Katika maandishi ya Kiingereza mambo ni kinyume: e ndiyo inayoongoza kwa mbali, na k ni miongoni mwa herufi zinazotokea kwa nadra. Enzi za herufi za risasi, viwanda vya Uingereza viliuza herufi kwa seti, na seti ilipangwa kwa hesabu ya lugha yao: e tele, a kiasi, k chache. Fundi aliyepanga Kiswahili kwa seti hiyo aliishiwa a na k mapema, huku q na x zikilala katika vyumba vyake bila kuguswa.

Kila chombo cha kuandikia na kuchapia kilichotufikia kimekuja na desturi za waliokitengeneza. Herufi za risasi zilikuja nazo, taipureta ikaja nazo, kompyuta na simu zimekuja nazo, na programu za akili mnemba zinakuja nazo leo. Chombo hakina kosa kwa hilo. Kilitengenezwa na watu, na watu huwawazia kwanza jirani zao. Lakini ukurasa wa Kiswahili una msomaji wake, na msomaji huyo hakuwapo chombo kilipokuwa kikibuniwa. Anayesimama kati ya hao wawili, akakilazimisha chombo kimtumikie msomaji, ni msanifu. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka kuisifu.

Jarida unaloanza kulisoma leo ni la usanifu: wa kurasa, wa vitambaa, wa vibao vya barabarani, wa vyombo vya nyumbani, wa programu za simu. Tumeamua kuliandika kwa Kiswahili tangu jalada hadi anwani ya kiwanda cha uchapaji. Mafundi wa kazi hizi wapo tele miongoni mwetu. Wanafanya kazi kwa Kiswahili kutwa, wanabishana kwa Kiswahili juu ya rangi na vipimo, wanawafundisha vijana wao kwa Kiswahili. Kisha wakitaka kusoma juu ya kazi yao hiyohiyo, hawana budi kuhamia lugha nyingine. Na anayejifunza kazi yake kwa mifano ya mbali tu, huishia kutatua matatizo ya watu wa mbali. Toleo hili la kwanza tumelianza na msanifu kurasa, kwa kuwa ndiye anayelibeba jarida lenyewe.

Msanifu kurasa hatajwi. Jina la mwandishi liko juu ya habari, la mpiga picha liko chini ya picha, na la msanifu, kama lipo, limejibana kwenye orodha ya herufi ndogo ukurasa wa pili. Akiifanya kazi yake vizuri, msomaji haoni chochote, anasoma tu. Akiiharibu, msomaji anachoka katika aya ya tatu na hajui kilichomchosha. Anadhani mwandishi ndiye hajui kuandika.

Keti kando yake jioni, kurasa zikiwa zinasubiriwa mtamboni. Habari imeletwa ina maneno 700. Nafasi iliyobaki inapokea 500. Tangazo limeingia dakika za mwisho na limemeza robo ya chini ya ukurasa. Picha iliyokuwa imelala sasa inatakiwa isimame. Kichwa cha habari kina maneno manane na mhariri hataki hata moja liondoke. Msanifu anaipunguza picha upande usio na uso wa mtu. Anashusha kichwa cha habari pointi mbili, kisha anairudisha moja, maana kimekuwa kinyonge. Anagundua kuwa aya ya mwisho imevuka na kuacha neno moja peke yake juu ya safu ya pili. Anarudi nyuma kutafuta aya inayoweza kubanwa ili neno hilo lirudi kwa wenzake. Anaibana, na picha inasogea. Anairudisha picha, na maelezo yake yanagusa mstari wa tangazo. Hakuna kitu kimoja kwenye ukurasa kinachoguswa bila kingine kusikia.

Na kuna jambo ambalo wengi tunaliona kuwa hasara: nafasi iliyoachwa wazi. Mwenye fedha za kuchapa huitazama pambizo pana akasema karatasi imepotea. Msanifu anajua kuwa pambizo ndimo kinamokaa kidole gumba cha msomaji, kwamba nafasi iliyo kati ya mistari ndiyo inayolisaidia jicho kurudi kushoto bila kupotea, na kwamba kichwa cha habari kikiachiwa hewa juu yake huonekana kikubwa bila kuongezwa ukubwa. Kuitetea nafasi hiyo mbele ya mtu anayelipia rimu za karatasi ni sehemu ya ufundi wenyewe.

Sasa tuisogelee lugha yetu. Safu nyembamba ya gazeti hupokea kiasi cha herufi 30 kwa mstari. Tia humo neno wanaoshughulikia. Lina herufi 16. Limekula nusu ya mstari peke yake. Kiswahili hukusanya mtenda, wakati, urejeshi na kitendo ndani ya neno moja, mahali ambapo lugha nyingine hutumia maneno matatu au manne mafupi. Palipo na maneno mafupi, kompyuta ina nafasi nyingi za kuuvunjia mstari. Palipo na neno moja lililoshikana, inalisukuma zima hadi mstari wa chini, kisha inayavuta maneno yaliyobaki juu yafike ukingoni. Matokeo yake umeyaona magazetini miaka yote: mstari wenye maneno matatu na mapengo mawili, chini yake mstari uliobanana, chini tena mapengo. Jicho linaruka na kujikwaa, linaruka na kujikwaa.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kukata neno mwisho wa mstari, na hapa Kiswahili kina bahati kubwa. Silabi zetu, isipokuwa chache, huishia kwa irabu, kwa hiyo mahali pa kukata panajulikana: nyu-mba, ki-to-ngo-ji, wa-na-o-shu-ghu-li-ki-a. Kanuni hiyo mtoto wa darasa la kwanza anaiimba. Lakini programu ya kupangia kurasa ikiachiwa kanuni za Kiingereza, inaweza kukata nyum-ba na kiton-goji, na msomaji anafika mwisho wa mstari akiwa na kipande cha sauti ambacho kinywa chake hakijawahi kukitamka. Dawa ya pili ni kuuacha ubavu wa kulia bila kunyooshwa, kila mstari uishie pale neno linapoishia, na nafasi kati ya maneno ibaki ileile ukurasa mzima. Sisi tumechagua hii ya pili. Tumeipanua safu pia, ikafika kiasi cha herufi 60, ili maneno marefu yapate pa kukaa. Msomaji aliyezoea kurasa zilizonyooka pande zote mbili ataona ubavu wa kulia una mawimbi. Ni mawimbi ya lugha yetu yenyewe, na tumeyaacha kwa makusudi.

Kukitawala chombo kilichotoka ng'ambo hakukuanza leo. Katika mji wa Siyu, kisiwani Pate, waandishi wa karne ya 18 na ya 19 walinakili Misahafu kwa mkono juu ya karatasi zilizotoka Ulaya. Karatasi ilikuwa ya kuagizwa, lakini ukurasa ulikuwa wao: matini kwa wino mweusi, nyekundu na manjano kwenye mapambo, fremu zilizochorwa kwa subira, na alama za pambizoni za kumwongoza msomaji. Watu wa pwani waliotunga na kunakili tenzi kwa hati za Kiarabu nao walikuta hati hizo hazina herufi za p, ch, v wala g kwa sauti tunazozitamka. Wengine waliongeza nukta, wengine waliazima herufi za Waajemi, wengine waliacha msomaji mwenyewe atambue kwa maana. Huo nao ni usanifu: kumjua msomaji kiasi cha kujua ni kipi umwandikie na kipi umwachie.

Tazama pia umbo la utenzi. Katika miswada mingi ya hati za Kiarabu, vipande vinne vya ubeti vilipangwa kwa ulalo, kimoja kikimfuata mwenzake, na alama ndogo ya kuvitenga. Ubeti mzima ukasomwa kwa mkupuo mmoja kutoka kulia kwenda kushoto. Utenzi ulipohamia hati za Kilatini na safu nyembamba za vitabu na magazeti, vipande vikapandishwa kimoja juu ya kingine, vikawa ngazi ya mistari minne mifupi. Leo mwanafunzi akifikiria ubeti wa utenzi, ngazi hiyo ndiyo anayoiona. Mizani ni ileile minane kwa kila kipande, vina ni vilevile, lakini sura imebadilika, na aliyeibadilisha ni mpanga kurasa aliyekuwa na safu ya upana fulani. Ndiyo maana nasema usanifu si pambo la kuongezwa mwishoni. Huingia ndani ya kitu, ukakaa humo vizazi na vizazi.

Magazeti ya Kiswahili yenyewe yana historia ndefu ya mikono hiyo. Mwaka 1888 wanafunzi wa chuo cha misheni ya UMCA huko Kiungani, Unguja, walianza kutoa Msimulizi. Mwaka 1904 Kiongozi lilianza Tanga. Mwaka 1923 Mambo Leo likaanza Dar es Salaam. Tunawasoma waandishi wao hadi leo na kuwajadili vyuoni. Walioziokota herufi moja moja, zikiwa kinyume, wakazifunga katika fremu na kuzipaka wino, wamejadiliwa kidogo sana.

Nikitafuta mfano wa usanifu uliofaulu kuliko wote katika lugha yetu, sifiki mbali. Naenda kwenye kanga. Kanga ni ukurasa. Ina pindo, ambalo ni fremu na pambizo kwa pamoja. Ina mji, ambao ndio uwanja wa picha. Ina jina, mstari mmoja wa maneno, kwa kawaida kwa herufi kubwa, uliowekwa juu ya pindo la chini. Vizuizi vyake ni vikali: maneno lazima yaenee mstari mmoja, yasomeke kwa mtu aliye hatua kadhaa nyuma ya mvaaji, yavumilie kukunjwa, kufuliwa na kuanikwa juani, na yawe na maana kwa anayeyavaa na kwa anayepigwa nayo kijembe. Humo ndani watu wa pwani walizaa fasihi nzima.

Tena walifanya hivyo kwa mitambo isiyokuwa yao. Kwa miaka mingi kanga zilichapwa ng'ambo, Ulaya, India na baadaye Japani. Lakini oda iliandikwa Mombasa na Unguja. Katika Mtaa wa Biashara, Mombasa, Kaderdina Hajee Essak na ukoo wake walizitia kanga zao alama ya K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla, na mpaka leo akina mama huitafuta alama hiyo kabla ya kuuliza bei. Majina ya kanga yalipoandikwa kwa hati za Kiarabu, viwanda vya mbali vilichapa hati za Kiarabu. Wasomaji walipohamia hati za Kilatini, viwanda vikahama nao. Kiwanda cha Urafiki kilipojengwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, mtambo ulisogea karibu, ila aliyeamua sura ya kanga alikuwa yuleyule wa tangu mwanzo: mwanamke anayesimama dukani, akaikunjua, akausoma mstari, akakubali au akairudisha. Mtambo ulikuwa wa mgeni na uamuzi ulikuwa wa mnunuzi. Sioni somo la usanifu linaloishinda kanga kwa hilo.

Watu wengine nao wamepita njia ya namna hii, na kuna jarida moja la usanifu ambalo yeyote anayeanzisha lake anapaswa kulijua. Mwaka 1984 huko California, Rudy VanderLans, Mholanzi aliyehamia Marekani, alianza kutoa jarida la Emigre pamoja na Waholanzi wenzake wawili. Hawakuwa na fedha za kulipia upangaji wa herufi uliokuwa ghali wakati ule, kwa hiyo toleo la kwanza walilipiga kwa taipureta, wakaikuza kazi kwa mashine ya fotokopi. Mwaka huohuo, tarehe 24 Januari, Apple ilitoa kompyuta ya Macintosh. Kioo chake kilikuwa cha nyeusi na nyeupe, chenye nukta 512 kwa 342. Wasanifu wengi wa siku hizo waliitazama na kuiona kuwa kitu cha kuchezea: herufi zake zilikuwa ngazi ngazi, hazifikii hata theluthi ya uzuri wa chapa ya risasi.

Zuzana Licko, mke wa VanderLans, aliyezaliwa Bratislava, aliitazama mashine hiyohiyo akaona vingine. Chuoni Berkeley alikuwa amepita darasa la kuandika herufi kwa kalamu, akalazimika kutumia mkono wa kulia ilhali yeye ni wa kushoto. Sasa amepata chombo kisichojali mkono. Wengine walipojaribu kuzilazimisha herufi za zamani zikae ndani ya nukta hizo kubwa, zikavunjika, yeye aliziuliza nukta zenyewe zinaweza kujenga herufi gani. Mwaka 1985 zikatoka Emperor, Oakland na nyinginezo, herufi zilizojengwa nukta kwa nukta, zisizoona haya kwa ngazi zake. Jarida likapangwa kwa herufi hizo, herufi zikauzwa kwa wasanifu wengine, na mauzo ya fonti yakalilipia jarida.

Hawakupokewa kwa makofi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Massimo Vignelli, msanifu aliyetengeneza ramani maarufu ya treni za chini ya ardhi za New York mwaka 1972, aliishutumu kazi yao hadharani kwa maneno makali. Licko alikuwa na hoja yake: hakuna herufi inayozaliwa ikiwa nyepesi kusoma, mazoea ya msomaji ndiyo huifanya nyepesi. Muda ukaamua. Mwaka 2011 jumba la makumbusho la MoMA, New York, lilichukua fonti 23 za kidijitali kuwa sehemu ya hazina yake, Oakland ikiwemo. Emigre lenyewe lilikuwa limefunga mwaka 2005 baada ya matoleo 69. Na Licko huyohuyo wa nukta alikuwa mwaka 1996 ametoa Mrs Eaves, fonti laini iliyotokana na chapa za John Baskerville wa karne ya 18, inayotumika hata leo katika majalada ya vitabu. Aliyezijua nukta kwa undani hakushindwa kuijua risasi.

Siwataji ili tuwaige. Herufi za ngazi ngazi zilikuwa jibu la kioo kile cha mwaka 1984, na kioo kile hakipo tena. Ninachokiheshimu kwao ni ujasiri wa kukihoji chombo badala ya kukipokea kama kilivyo au kukikataa kabisa. Watu wachache, wahamiaji, bila kampuni kubwa nyuma yao, walitumia jarida lao kama karakana, kila toleo likiwa jaribio na kila jaribio likiwekwa mbele ya macho ya watu. Jarida la usanifu linalohubiri bila kujaribu halina faida kwa fundi.

Kwetu sisi majaribio ya namna hiyo yamekuwa yakifanyika mkononi, kwenye simu. Mwaka 2003 Nokia ilitoa simu ya 1100, iliyofikiriwa kwa ajili ya watu wa nchi kama zetu. Vitufe vyake vilifunikwa kwa kipande kimoja kilichozuia vumbi. Ubavu wake haukuteleza mkononi. Juu yake palikuwa na tochi. Ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Wakenya waliziita simu za namna hiyo mulika mwizi, Watanzania wakaziita za tochi, kitochi, na jina la mtaani likiganda kwenye kitu kwa sababu ya sehemu yake moja, ujue msanifu alilenga penyewe. Hakuna aliyeuliza kwa nini simu iwe na tochi. Umeme ulipokatika, kila mtu alijua.

Lugha yetu pia ilipata nafuu ambayo wengi hatukuitambua. Ujumbe mfupi wa simu hupokea herufi 160, lakini kwa lugha ambazo herufi zake zimo katika orodha fupi ya alama za mfumo wa jumbe hizo. Lugha isiyokuwemo, kama Kiamhariki, inalazimika kutumia mfumo mpana zaidi, na ujumbe mmoja hushuka hadi herufi 70. Kiswahili sanifu hakina herufi zenye alama za nyongeza; sauti yetu ngumu kuliko zote tunaiandika kwa n, g na ritifaa. Kwa hiyo salamu za Idi, taarifa za msiba na risiti za pesa za simu zimesafiri kwa herufi zote 160 bila kukatwa. Uamuzi wa kuandika Kiswahili kwa herufi chache zisizo na nyongeza ulipita kabla simu hazijafikiriwa, na bado umewaokolea watu fedha kwa mamilioni ya jumbe. Maamuzi ya usanifu huishi kuliko walioyafanya, ndiyo maana yanastahili kujadiliwa kwa uzito.

Leo wasomaji wengi wa Kiswahili husoma kwenye kioo cha simu, juani, ndani ya daladala au matatu, kwa bando la kununua. Anayesanifu kurasa za simu kwa rangi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe kwa sababu ameziona zinapendeza kwenye kompyuta ya ofisini, amemsahau abiria huyo. Anayepakia picha nzito zisizo na kazi, anatumia bando la mtu mwingine kujipamba. Wino na karatasi tulilipia sisi wachapaji. Bando analipia msomaji. Msanifu wa kurasa za simu ana amana mkononi, na aichukue hivyo.

Nije kwenye programu za akili mnemba, kwa kuwa vijana wengi wa kazi hii wananiuliza kama bado ina maisha. Programu hizo zinaweza kukupa bango kwa sekunde chache, na baadhi ya mabango hayo yanavutia. Zimelelewa zaidi kwa Kiingereza na kwa picha za nchi nyingine, kwa hiyo ukiziomba bango la Kiswahili zinaweza kukuletea mstari wenye sura ya maneno ambayo si maneno, au harusi ya pwani yenye mavazi yasiyovaliwa popote pwani. Makosa hayo yatapungua. Lakini hata siku yatakapokwisha, bango litakalotoka litakuwa kama nguo ya kununua tayari: imeshonwa kwa kipimo cha mtu wa wastani, na mtu wa wastani hayupo. Fundi ndiye anayejua mteja wake ana bega gani. Kijana anayejua kwa nini safu ya Kiswahili iwe pana, kwa nini neno likatwe baada ya irabu, kwa nini herufi za kibao cha zahanati zisomeke na mzee aliye upande wa pili wa barabara, huyo ataitumia akili mnemba kama alivyotumia rula. Asiyeyajua hayo, programu itamwamulia, na itamwamulia kwa desturi za kwao.

Ndiyo sababu ya kuwa na jarida. Ujuzi wetu wa usanifu umekaa vichwani na mikononi. Mchora vibao anajua ni rangi ipi inayodumu mbele ya jua la saa nane; hajaiandika. Fundi wa kiwanda cha uchapaji anajua ni karatasi ipi inayokunywa wino msimu wa masika, hajaulizwa. Msanifu wa gazeti anajua ni vichwa vipi vya habari vinavyokaa vizuri katika safu tatu. Akistaafu anaondoka na ujuzi huo. Kila toleo tutamketisha fundi mmoja aeleze kazi yake kwa maneno yake mwenyewe, na tutaionyesha kazi kwa karibu, na vipimo vyake, ili anayetaka kuijaribu aweze. Tutaandika juu ya vyombo vipya kadiri vinavyokuja, na kwa kila kimoja tutauliza swali moja: kimemfikiria nani, na wetu atakaaje humo?

Nina maombi mawili, la kwanza kwako msomaji. Ukiona mahali tulipokuchosha jicho, penye herufi ndogo mno, mstari mrefu mno, picha isiyosema lolote, tuandikie bila kuoneana haya. Ukurasa hurekebishwa na anayeusoma. Na kwa wahariri na wachapishaji wa vitabu na magazeti ya Kiswahili popote mlipo: katika jarida hili jina la msanifu kurasa limechapwa kando ya jina la mwandishi, kwa herufi za ukubwa uleule, na litachapwa hivyo kila toleo. Haigharimu karatasi zaidi wala wino wa maana. Fanyeni nanyi vivyo hivyo kuanzia kitabu chenu kinachofuata.